Mfuko wa Njano

Kambi ya ng'ombe, Motswere
6 Novemba 2011

Kwa binti yangu Masego,

Salamu zikufikie hapo kitandani ulipo. Mimi mzima, mzima kabisa. Juzi nilimwangusha ndama dume peke yangu nikamkata alama ya sikio, na Rra Seloilwe, yule bwana wa kisima cha jirani, amesimama kashika kiuno ananiambia mzee pole pole. Yeye ana miaka hamsini na tisa, mimi sabini na moja. Nikamwambia wewe shika kiuno chako kisidondoke, ndama niachie mimi.

Na wewe hujambo? Homa imeacha? Jicho la kushoto linaona nini sasa, bado ule ukungu au umeanza kufunguka? Niambie kweli, usinifiche kama mama yako alivyokuwa akinificha.

Barua hii nimeandika kwa mkono wangu. Rra Seloilwe alitaka kuniandikia kwa sababu yeye alifika darasa la saba. Nikamwambia darasa lako la saba litunze, la pili langu linatosha. Imenichukua siku mbili na mkono unaniuma kuliko siku ya kuchimba nguzo za zizi, lakini si umeona, inasomeka. Simu sitaki. Huku hata ukiwa nayo unapanda juu ya tangi la maji ndio upate sauti, na mimi sitapanda tangi nipige kelele kama jogoo. Gari la dizeli ya pampu linapita kila Jumapili ya pili. Barua itakuja nalo.

Tangu ambulensi ikuchukue kwenda mjini ni wiki tatu. Kijijini sikukaa. Kila asubuhi mtu anaingia uani kunipa pole, na mimi pole sipendi. Huku hakuna wa kunipa pole.

Sasa sikiliza, na ukiweza msomee daktari wako. Miaka thelathini na moja nimebeba damu nchi hii. Nimeibeba barabara ya lami haijawa lami. Nimeibeba na kioo cha mbele kimepasuliwa na tandala. Sijapoteza hata mfuko mmoja, na hakuna dereva mwingine wa kusema hivyo hapa, wengine wote waongo. Ndiyo maana hospitali ya huku, ulikolazwa kwanza, dereva wao alipovunjika mguu walinifuata mimi mstaafu nikakuletee ule mfuko wa njano. Kilomita karibu mia saba kutoka mjini, saa saba, jua la Oktoba, feni ya gari imekufa. Nikaufikisha. Halafu wanakuwekea, unatetemeka kama mtu aliyenyeshewa, hesabu ya damu haipandi, na kesho yake asubuhi damu imeingia jichoni.

Nani kaharibu? Si njia. Njia ilikuwa yangu. Ni hao wa nyumba ya damu huko mjini, wanaoitunza. Yule mwanamke aliyenikabidhi, mwenye miwani ya kamba shingoni, alisema na mimi kama nimekuja kununua nyanya. Watu wa namna hiyo hulala kazini.

Kula. Hata kama hutaki, kula.

Ni mimi babako,
dereva wa damu


Mjini, wodi ya tano
14 Novemba 2011

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma mara nne, na nilipofika pa kiuno cha Rra Seloilwe nilicheka mpaka nesi akaja kutazama. Hapa hatucheki sana. Nashukuru kwamba uzima upo. Mimi naendelea, si vizuri na si vibaya.

Umeniambia nisikufiche. Jicho la kushoto haliwezi kurudi. Daktari wa macho alisema hivyo Jumanne, akasema kwa upole. Naona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. La kulia ni zima. Nimejaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa jicho moja, nilitoboa kidole mara sita kabla ya kupata tundu, na nesi akaninyang'anya sindano kwa sababu mimi sitakiwi kutoka damu. Wateja wangu wa magauni ya harusi waambie wasinisubiri Desemba.

Niko chumba cha peke yangu. Mtu akiingia anavaa barakoa na gauni la karatasi, kwa hiyo ni mwezi mzima sijaona mdomo wa mtu. Uboho wa mifupa yangu bado haujakumbuka kazi yake ya kutengeneza damu. Kila siku tatu wananiwekea mfuko wa njano. Na homa, baba, inakuja huku pia. Nusu saa haipiti, baridi inaanzia magotini, meno yanagongana, blanketi tatu hazitoshi. Halafu joto. Halafu nalala kama gunia.

Yule mwanamke mwenye miwani ya kamba anaitwa Mma Tiroyaone. Ndiye anayelinda chumba cha mifuko ya njano. Alisikia mimi ni yule wa mfuko wa Oktoba, akaja mwenyewe kuniona, na sasa anakuja kila akimaliza zamu, anaketi hapo mlangoni na barakoa yake na kunisimulia majirani zake. Sina mgeni mwingine. Ameniambia homa ile haimaanishi mfuko uliharibika. Ndani yake hubaki chembe nyeupe za waliochangia, na kadiri mfuko unavyokaa siku nyingi ndivyo zinavyoachia vitu vya kuchemsha mwili. Mfuko wa siku moja, homa ndogo. Wa siku nne, nagonga meno. Siku ya tano ndiyo mwisho wake. Kuna chujio la kuzitoa hizo chembe nyeupe, lakini halipatikani kila wiki.

Kuharibika ni jambo jingine. Juzi alikuja na mfuko akaushika dirishani, akauinamisha taratibu. Ndani pakapita wimbi linalong'aa, linakwenda na kurudi, kama kitambaa cha hariri unapokigeuza mezani. Akasema hizo ni chembe hai, ndizo zinazozuia damu isitoke. Zinataka joto la chumbani na kutikiswa mchana na usiku. Si kama damu nyekundu, baba. Zikiwekwa kwenye baridi hujikunja kama vidonge, wimbi linakufa, na mwili ukizipokea unazitupa saa hiyo hiyo. Hesabu haipandi. Kama yangu ilivyokataa kupanda.

Sasa kuna kamati ya kuchunguza. Wanasema wikiendi ile ya mfuko wangu umeme ulikatika na mashine ya kutikisa ikasimama, na Mma Tiroyaone hakufanya kitu. Yeye anasema alikaa akiitikisa mifuko kwa mikono yake mpaka umeme ukarudi. Hana shahidi.

Kwa hiyo nakuuliza, na usikasirike. Ule mfuko uliubebaje?

Mwanao,
Masego


Kambi ya ng'ombe, Motswere
4 Desemba 2011

Binti yangu Masego,

Salamu. Mimi mzima kama kawaida. Barua yako ilifika tarehe ishirini, na dereva wa dizeli alitaka kungoja jibu, nikamwambia aende zake. Nilikuwa na kazi. Pampu ilikwama, nikaifungua mwenyewe mpaka skrubu ya mwisho na kuirudisha, na sasa inakunywa dizeli kidogo kuliko ilipokuwa mpya. Fundi wa mjini angekaa wiki.

Habari ya jicho nimeisoma.

Mvua bado. Ng'ombe wawili wamelala chini hawataki kuinuka, nawainua kwa kamba na mti, asubuhi na jioni. Mmoja ni yule mwekundu wa mama yako.

Umeuliza niliubebaje. Nashangaa binti yangu ananiuliza swali hilo. Mimi nimebeba damu kabla hujazaliwa. Wewe ulizaliwa mimi niko njiani na damu ya watu, na mama yako hakunisamehe mpaka alipokufa. Nilipewa kasha, nikaambiwa hivi na hivi, na hivi na hivi ndivyo nilivyofanya. Niliubeba kama nilivyoagizwa. Andika hivyo. Nikaukabidhi kasha likiwa kavu na safi, nesi ni shahidi wangu, hakuona tone.

Na huyo Mma Tiroyaone asikuchezee akili. Mtu mwenye kosa huwa na maneno matamu sana. Anakuja kuketi mlangoni kwako kwa nini? Mtu mzima ana nyumba yake. Anatafuta wa kumhurumia.

Dizeli imeisha kushushwa, gari linaondoka.

Ni mimi babako,
dereva wa damu, miaka thelathini na moja


Mjini, wodi ya tano
12 Desemba 2011

Baba mpendwa,

Shikamoo, na poleni kwa ukame. Nilipojua ng'ombe wa mama ameanguka nilikosa usingizi. Mpe maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mama alikuwa akifanya hivyo.

Baba, nakuomba radhi. Lile swali sikupaswa kukuuliza. Nilikaa hapa na ugonjwa wangu nikaanza kumpima mzazi wangu kama mtu baki. Nilipoisoma barua yako niliona aibu. Naomba yaishe.

Watu wa kamati walikuja Alhamisi, watatu, wamevaa yale magauni ya karatasi. Waliuliza kama dereva alikuwa baba yangu. Nikasema ndiyo. Wakauliza kama kuna lolote alilosema kuhusu safari. Nikawapa barua yako. Sikuona kwa nini nisiwape. Mmoja aliisoma kwa sauti mpaka pale pa "niliubeba kama nilivyoagizwa," wakatazamana, wakaomba waitunze. Walisema inasaidia sana, kwa sababu sasa njia imeondolewa, imebaki nyumba ya damu peke yake.

Ijumaa Mma Tiroyaone alisimamishwa kazi. Kikao chake cha mwisho ni Februari tarehe mbili. Akishindwa anafukuzwa bila kiinua mgongo, miaka kumi na tisa.

Nilipaswa kufurahi kwamba aliyenitoa jicho amepatikana. Ulikuwa sahihi, naona, alikuwa akija kwa sababu moyo unamsuta. Lakini saa kumi ikifika bado natazama mlango. Aliniachia nusu ya hadithi ya jirani yake aliyefungia mbuzi kwenye gari la mchungaji. Sijui mbuzi alitokaje.

Sasa sina anayekuja. Manesi ni wazuri, ila wana mikono miwili na wagonjwa ishirini. Wakati mwingine homa ikija nahesabu vigae vya dari kwa jicho la kulia, halafu kwa la kushoto, ambalo halihesabu kitu. Sitaki kukulilia. Najua ng'ombe hawawezi kuachwa.

Krismasi njema, baba. Chinja hata kuku.

Mwanao,
Masego


Kambi ya ng'ombe, Motswere
1 Januari 2012

Masego,

Salamu za mwaka mpya. Mimi mzima.

Ng'ombe wa mama yako amesimama. Maji ya chumvi yamefanya kazi, ingawa hata mimi nilikuwa naelekea kuyafikiria. Mvua imenyesha siku mbili. Sikuchinja kuku. Rra Seloilwe aliniletea nyama ya kupondwa kwenye sufuria na mkewe kaitia chumvi nyingi, nikala.

Hiyo barua yangu si walisema wataitunza tu? Wataitumia vipi? Uliza kama wanaweza kukurudishia. Mwandiko ulikuwa mbaya siku ile, nilikuwa na haraka, naweza kuandika nyingine safi zaidi.

Na huyo mama, ana watoto?

Babako


Mjini, wodi ya tano
9 Januari 2012

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi mvua imekuja.

Barua hawarudishi. Imegongwa muhuri na kupewa namba. Wataisoma kwenye kikao. Mwandiko usijali, baba, walisema umeeleweka vizuri kuliko wa madaktari.

Umeuliza kama ana watoto. Hana. Alikuwa na mdogo wake wa kike, alikufa kwa kutoka damu wakati wa kujifungua, na ndiyo sababu aliomba kazi ile. Alinisimulia mwezi wa kumi na moja, siku moja homa imenibana na hakuna neno jingine la kunituliza.

Jumamosi alikuja. Walimzuia getini kwa kuwa si mfanyakazi tena na mimi siruhusiwi wageni wasio ndugu. Nesi akaniambia nisogee dirishani. Niko ghorofa ya tatu. Chini kulikuwa na watu wengi, saa ya kuona wagonjwa, na mwanamke mmoja akapunga mkono. Nikampungia. Alipunga muda mrefu. Halafu nikaona mwingine upande wa pili naye anapunga, na kwa jicho hili moja sikujua ni yupi wangu. Nikawapungia wote.

Hesabu yangu imeshuka. Mifuko inachelewa, chumba chake kinashikwa na mtu wa muda anayetoka idara nyingine. Ninayopata sasa ni ya siku ya nne au ya tano, na homa zake unazijua. Sikulaumu mtu. Nakueleza tu ili usije ukasema nilikuficha.

Mwanao,
Masego


Kambi ya ng'ombe, Motswere
22 Januari 2012

Mwanangu Masego,

Barua yako nimekaa nayo siku saba. Gari la dizeli silingoji. Rra Seloilwe anakwenda barabara ya lami kesho, nitampa hii aitie kwenye basi, na usiamini akisema ameisoma, nimeifunga kwa gundi ya matairi.

Mimi si mzima. Tumbo halishiki chakula. Nalala mchana, nimeacha ng'ombe wajinyweshe wenyewe. Hilo si la kukutia huruma, ni jibu la salamu.

Sasa nakuambia safari.

Nilifika nyumba ya damu asubuhi. Yule mama alinitolea mfuko, akauinamisha kwenye taa kama alivyokuonyesha wewe, akautia kwenye kasha la rangi ya buluu lisilo na kitu kingine ndani. Akaniambia, "Mzee, huu usiuwekee barafu. Weka kasha kivulini, na kila unaposimama litikise taratibu." Akanipa karatasi nitie sahihi. Nikatia. Sikuisoma. Ile karatasi ilikuwa na mistari mingi na nyuma yangu walikuwepo madereva wawili vijana, na mimi nikisoma natembeza kidole. Sikutaka watembeze macho yao na kidole changu.

Nikamwambia ndiyo mama. Moyoni nikasema huyu hajui lolote. Damu bila barafu. Miaka thelathini na moja kitu cha kwanza unachotazama ni barafu. Ukikuta barafu imeyeyuka unasimama, hata iwe kwa mkulima wa kizungu mwenye mbwa, unaomba barafu. Nilifundishwa hivyo na waliokufa zamani, na nikawafundisha wengine.

Nilikwenda vizuri mpaka kijiji cha Kang, nusu ya njia. Hapo joto lilikuwa la kukaangia yai kwenye boneti. Nikafungua kasha nikauweka mkono juu ya mfuko na niliona una moto. Nikakuona wewe. Naapa kwa mama yako, sikuona kingine, nilikuona wewe kitandani na ufizi unatoka damu, nikasema mwanangu atawekewa kitu kilichooza. Nikasimama sheli nikanunua mifuko miwili ya barafu. Nikaulaza wako katikati, mmoja chini, mmoja juu, kama mtoto. Nikaendesha nikiimba.

Kabla ya kufika nikamwaga maji yote pembeni ya barabara na kulifuta kasha kwa shati langu. Si kwa kuficha. Ilikuwa desturi yangu siku zote, dereva wa kweli hakabidhi kasha lililolowa. Lakini nilipoandika ile barua ya kwamba nesi hakuona tone, hapo nilikuwa naficha. Nilikuwa nimeshasoma yako. Nilikuwa nimeshajua.

Ningekuwa nimefanya kama alivyosema yule mama, pengine jicho lingekuwepo. Pengine si lazima. Nimejaribu kulishika hilo pengine wiki tisa, halishikiki.

Uliniomba radhi, Masego. Hiyo barua yako ya radhi siwezi kukaa nayo chumba kimoja. Nimeiweka kwa Rra Seloilwe.

Nilitaka nife nikiitwa dereva ambaye hakupoteza mfuko. Hakuna hata anayeniita hivyo. Najiita mwenyewe.

Nitakuja kwenye kikao. Usiniandikie nisije.

Babako


Mjini
3 Februari 2012

Mwanangu Masego,

Salamu. Naandika nikiwa kwenye benchi la chini hapa hospitalini, penye bomba la maji. Hii nitampa nesi wa zamu yako, yule mnene anayecheka. Sikupata barua kutoka kwako na sikutegemea.

Jana nilikwenda kwenye kikao. Walitaka kuniweka nje kwa sababu sikuwa kwenye orodha. Nikasema mimi ndiye ile barua yenye namba. Wakanitazama viatu, wakanipa kiti. Barua yangu ikasomwa mbele yangu yote, pamoja na pale pa kuwatukana wengine waongo, hapana, hiyo ilikuwa barua nyingine, lakini mimi niliisikia hapo hapo. Mwenyekiti akauliza kama ni maneno yangu. Nikasema ni yangu, ni ya uongo, niliyaandika nikijua. Nikawaeleza Kang, barafu, shati. Mwanamume mmoja akasema mzee, unajua unachokisema kinaweza kukufikisha mahakamani. Nikasema nipelekeni, mnajua kambi yangu ilipo, kunja kushoto kwenye tangi.

Mma Tiroyaone alikuwa amekaa mbele, kanipa kisogo muda wote. Wakamuuliza kama ana swali kwa shahidi. Akageuka. Kavua ile miwani, inaning'inia. Akasema, "Rra, ulinisikia nilipokuambia usiweke barafu?"

Nikasema, "Nilikusikia, mama."

Akasema, "Basi," akageuka tena.

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, najua kukaa chini ya matusi. Ile basi sijui niiweke wapi.

Anarudi kazini Jumatatu. Wamesema watamlipa mishahara yake. Jioni nilikwenda nyumbani kwake, nikaketi chini nje ya ukuta wa ua wake kama inavyopasa mtu mwenye kosa, nikisubiri kuitwa. Nilikaa mpaka majirani wakaanza kupita mara mbili mbili. Hakuniita. Mwishoni akatoka, akaniwekea chini kikombe cha chai na mkate, akarudi ndani na kufunga mlango. Nikanywa, nikaosha kikombe bombani, nikakiacha juu ya ukuta, nikaondoka.

Leo nimekuja kwako. Nilifika kabla ya saa kumi. Nesi akaingia kukuambia, akatoka, akasema umelala. Nikasema sawa. Nikakaa. Baada ya muda akaingia tena, umelala. Mara ya tatu hakunitazama usoni alipokuwa akisema. Nikasikia mtu akikohoa humo ndani, na kikohozi chako nakijua tangu ukiwa na miezi minne.

Sitaki uamke kwa ajili yangu. Homa yako ya leo ni ya mfuko wa siku ya tano, nesi kaniambia, na mtu mwenye homa hapaswi kusumbuliwa na wageni.

Ng'ombe nimemwachia Rra Seloilwe wote, na wa mama yako. Nimepata chumba kwa mpwa wa mke wake, nyuma ya soko, nalipia kwa kumtengenezea gari lake, ambalo limeharibiwa na mafundi wapumbavu. Nina muda. Saa ya kuona wagonjwa ni saa kumi mpaka kumi na moja na nusu. Nje ya mlango wako kuna kiti cha plastiki cheupe, mguu mmoja umelegea, nimeukaza kwa waya.

Unanijua mimi ni mkaidi. Kesho saa kumi nitakuwa hapo, na kesho kutwa, na siku ya mfuko na siku isiyo ya mfuko. Sitabisha hodi. Wewe lala tu.

Babako